Pensheni ya afande ina hesabu, miezi ya binti yake haina

Saa 12 asubuhi ya mwezi wa saba, Mlima Meru hauonekani kutoka Kimandolu, Arusha. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na vifodi vinavyokimbilia mjini vimewasha taa. Ndani ya nyumba moja ya matofali ya saruji, mwanamke wa miaka 52 anapitisha mkono wa kushoto chini ya mabega ya baba yake, wa kulia chini ya nyonga, anavuta pumzi, anamgeuza. Mto mmoja unaingia nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti. Kisigino anakiegemeza kwenye taulo iliyokunjwa kisiguse godoro. Kisha anachukua kauntabuku iliyo juu ya kabati, anaandika: 12:05, kulia.

Amefanya hivyo kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, tangu kiharusi kilipomwangusha mzee miaka minne iliyopita. Muuguzi ndiye aliyemfundisha kugeuza, na ndiye aliyemwambia aandike, maana usiku wa manane mtu aliyechoka husahau ulikuwa upande gani. Vidonda vya kitandani havisamehe usahaulifu huo. Kauntabuku hii ni ya sita.

Mzee alikuwa polisi, na mtaa mzima bado unamwita afande. Hata wale waliozaliwa baada ya yeye kuvua magwanda humwamkia hivyo hivyo wakipita dirishani: “Shikamoo afande.” Huitikia kwa sauti iliyopinda upande mmoja. Kwa heshima ya familia, majina yao siyataji.

Wiki niliyowatembelea ilikuwa zamu ya uhakiki. Zamani mstaafu alijikongoja mpaka ofisini kuthibitisha kuwa yu hai. Siku hizi kuna PSSSF Kiganjani, programu ya simu inayousoma uso na kumaliza kazi. Binti alimfuta baba yake uso kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akamvalisha shati lenye kola, akamwegemeza kwenye mito mitatu. Mkono mmoja ulishika simu, mwingine ulishika kidevu. Simu ikamtambua mzee.

Ni hatua njema. Kumpakia mtu aliyepooza kwenye bajaji mpaka mjini ili tu aonekane ni jambo linaloumiza, mwili na utu. Lakini tangu asubuhi ile nimebaki na swali moja. Uso umetambuliwa. Ule mkono uliouinua uso uko wapi katika vitabu vya Serikali?

Hesabu ya mwezi kwa mwezi

Katika kanuni za pensheni ya utumishi wa umma, kila mwezi una thamani. Mfuko wa PSSSF ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2018 na kuanza kazi Agosti mwaka huo, ukiunganisha PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Askari polisi, wa magereza na wa zimamoto wamo humo pamoja na mwalimu na muuguzi, tofauti na wanajeshi wa JWTZ ambao pensheni yao hulipwa na Hazina. Mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara, mwajiri asilimia 15. Akifikisha miezi 180 ya kuchangia, amepata haki ya pensheni.

Kinachofuata ni kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, neno lililotoka kwenye makabrasha ya wataalamu likaingia kwenye vijiwe vya kahawa. Kabla ya kuunganisha mifuko, mwanachama wa PSPF au LAPF alichukua nusu ya mafao yake kwa mkupuo, huku wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, au PPF akichukua asilimia 25. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka wote wawe kwenye asilimia 25. Vyama vya wafanyakazi vilikataa, na Desemba 28, 2018, Rais John Magufuli aliwaita wadau Ikulu na kuagiza kanuni hizo zisitishwe hadi 2023.

Hata hivyo, kikokotoo kipya kilianza Julai 1, 2022, baada ya Serikali, vyama vya wafanyakazi na waajiri kukubaliana mkupuo wa asilimia 33. Manung'uniko hayakwisha. Juni 2024, wakati wa bajeti, Serikali ilitangaza kupandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa kundi la asilimia 50, na asilimia 35 kwa waliokuwa kundi la asilimia 25.

Asilimia hizi hazisemi kitu mpaka uziweke kwenye shilingi. Chukua mtumishi ambaye wastani wa mshahara wake bora ni Sh1,000,000 kwa mwezi, aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, iliyogawa kwa 540 na kuzidisha kwa 15.5, mkupuo wake ungekuwa Sh62 milioni na pensheni ya kila mwezi takriban Sh333,000. Kwa kanuni ya sasa, inayogawa kwa 580 na kuzidisha kwa 12.5, mkupuo wa asilimia 40 ni takriban Sh37.2 milioni na pensheni ya mwezi Sh372,000.

Amepoteza karibu Sh24.8 milioni siku ya kwanza, na anaongezewa kama Sh39,000 kila mwezi. Ili nyongeza hiyo izibe pengo, itampasa aishi zaidi ya miaka 52 baada ya kustaafu.

> Ili nyongeza ya kila mwezi izibe pengo la mkupuo, mstaafu itampasa aishi zaidi ya miaka 52 baada ya kustaafu.

Nyumba ya afande

Hesabu hiyo inaeleza hasira za askari kuliko hotuba yoyote. Askari huhamishwa Kigoma, Lindi, Tarime, na mara nyingi hulala kwenye kota za jeshi. Siku anayostaafu, kota inataka mtu mwingine. Mwalimu wa kijijini huenda alishajenga kidogo kidogo akiwa kazini; askari wengi wanangoja mkupuo. Ndiyo maana bungeni, kila kikokotoo kinapotajwa, hoja ya askari haikosekani.

Upande wa Serikali na mifuko una hoja ambayo si ya kupuuza. Mfuko unaogawa zaidi ya unachoingiza hufika mahali hundi ya mjane haina fedha. PSPF iliachiwa mzigo wa watumishi ambao kabla ya Julai 1999 hawakuwa wakichangia, lakini walipostaafu walilipwa na mfuko kwa miaka yao yote. Deni hilo lilikua mpaka Serikali ikatoa hati fungani maalumu ya Sh2.17 trilioni kulipunguza. Wataalamu wa mifuko husema pia kwamba mkupuo huisha haraka, na mtu hubaki na uzee mrefu na pensheni fupi.

Nyumba ya Kimandolu inawapa haki wote wawili. Afande alistaafu kabla ya mifuko kuunganishwa. Mkupuo wake ndio ulionunua kiwanja, ukapandisha kuta, ukaweka bati. Bila mkupuo angeugulia chumba cha kupanga. Lakini tangu alipoanguka, kinachonunua dawa za presha, pampasi za wakubwa, unga wa uji na kulipa maji ni pensheni ya mwezi. Nikiulizwa mimi, askari anayetolewa kota alistahili kubakishiwa nusu yake, na kima cha chini cha pensheni, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa Sh100,000 kwa mwezi, kilistahili kupandishwa mapema zaidi kuliko mkupuo wowote.

Ila katika kanuni zote mbili, ya 540 na ya 580, nilitafuta nafasi ya mtu anayemgeuza mstaafu kitandani. Haimo.

Kikao cha familia

Binti huyu hakuzaliwa mlezi. Alikuwa na meza ya ndizi na parachichi soko la Tengeru, na siku za soko, Jumatano na Jumamosi, aliondoka Kimandolu kabla ya jogoo. Alicheza upatu na wenzake wanane. Baba alipotoka hospitali, ndugu walikaa kikao. Kaka mmoja yuko Mwanza, mwingine Dar es Salaam, wote wana ajira. Yeye hakuwa na mwajiri wa kumuaga. Wakasema aliye karibu ndiye atakayemshika baba, nao watatuma. Wanatuma, si kila mwezi, lakini wanatuma.

Meza ya Tengeru ilichukuliwa na mtu mwingine ndani ya wiki tatu. Upatu ulivunjika kwake mwezi wa pili. Ana miaka minane kufika 60, hana mfuko wowote, na mgongo umeanza kumuuma pale pale panapobeba uzito wa baba yake.

Nilimuuliza kama amewahi kuhesabu miezi. Alicheka, akaelekeza kidole kwenye kauntabuku tano zilizopangwa chini ya kitanda. Zote zina tarehe. Ungekuwa mchango, miezi 48 kati ya 180 ingekuwa imeshapita.

> Kauntabuku tano ziko chini ya kitanda, ya sita juu ya kabati. Zote zina tarehe, na hakuna mfuko unaozitaka.

Kuna wanaosema angeajiriwa ingekuwa nafuu. Tusome sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi angalau siku nne za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye, siku hizo nne ni akifariki. Kwa hiyo una siku nne za kumzika baba. Za kumuuguza, kifungu hicho hakikupi hata moja.

Mtu aliyeandika sheria hiyo hakuwa na roho mbaya. Aliandika akiamini kwamba nyumbani yupo mtu: mama, shangazi, dada asiyeolewa, binti aliyeachika, ambaye muda wake hauna bei. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo iliiweka familia kuwa nguzo ya kwanza ya matunzo ya mzee. Sina ugomvi na hilo. Lakini nguzo nayo hutazamwa kama imeliwa na mchwa.

Arusha imeshaona hili

Mji huu una kumbukumbu yake ya watu waliohesabiwa vibaya. Majengo tunayoyaita AICC yalijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ilipovunjika 1977, waliokuwa na vyeo katika reli, posta, bandari na shirika la ndege walirudi nyumbani na barua mkononi. Mkataba wa kugawana mali ulisainiwa hapa hapa Arusha Mei 14, 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kila nchi ilibeba jukumu la kuwalipa watu wake.

Wastaafu wa Tanzania walifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2003. Septemba 2005 yakafikiwa makubaliano ya kuwalipa watu 31,831 kiasi cha Sh117 bilioni, miaka 28 baada ya jumuiya kuvunjika. Hata baada ya hapo wengi waliona wamepunjwa, na Dar es Salaam ilishuhudia wazee wenye mikongojo wakikaa barabarani kudai. Wengi walifia kwenye foleni.

Jambo moja nimelisikia tangu utotoni kwenye misiba ya wazee hao, ndiyo maana nalileta hapa. Mzee alipokufa, walioingia naye kwenye foleni mara ya mwisho walikuwa mabinti na wakaza wana waliomshika mkono. Faili lilikuwa na jina lake tu.

Mlango tayari upo

Huenda msomaji anadhani kumlipa anayemhudumia mgonjwa ni ndoto ya nchi tajiri. Basi afungue Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mfuko wake, WCF, ulianza kupokea michango Julai 2015 kutoka kwa waajiri. Katika orodha ya mafao, pamoja na matibabu, fidia ya ulemavu, utengamao, msaada wa mazishi na malipo ya wategemezi, limo fao la anayemhudumia mgonjwa. Mfanyakazi wa kiwandani akiumia kazini kiasi cha kushindwa kula na kuoga bila msaada, sheria inakubali kwamba msaada huo ni kazi na una malipo.

Kwa hiyo nchi yetu imeshaamua. Kumgeuza mtu kitandani ni kazi, ilimradi mgongo umevunjwa na mashine. Ukivunjwa na kiharusi miaka mitano baada ya kustaafu, kazi ile ile, ya mikono ile ile, inakuwa mapenzi.

Jirani zetu wamejaribu njia tofauti. Vuka Namanga, uko Kenya: mpango wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkubwa hutoa Sh2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya, na anayezipokea ni mlezi. Kuanzia 2018 wazee wa miaka 70 na zaidi nao waliingizwa kwenye mpango wa Inua Jamii. Afrika Kusini mzee anayepokea ruzuku ya uzee huongezewa kiasi kingine akithibitika anahitaji mtu wa kumhudumia. Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995. Mtu akimtunza ndugu yake nyumbani, bima hiyo humlipia michango ya pensheni.

Hapa ndani, Zanzibar ilianza pensheni jamii Aprili 2016, Sh20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au alikuwa mvuvi. Baadaye ikapandishwa hadi Sh50,000. Tanzania Bara tuna TASAF kwa kaya maskini, lakini binti wa afande hawezi kuingia kirahisi: nyumba ina bati, na kuna pensheni. Kwenye karatasi si maskini. Mwenye fedha ni baba, na fedha ya baba inaishia kwa baba.

Mfano wa Ujerumani ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu hauhitaji kumpa mtu mshahara wa kumwogesha mzazi. NSSF imeshafungua mlango kwa waliojiajiri, mama lishe na bodaboda. Kumwongeza mlezi wa mstaafu aliyepooza, aliyethibitishwa na daktari na afisa ustawi wa jamii wa kata, na Serikali ikamchangia kiasi kidogo kila mwezi, ni suala la kanuni na bajeti. Udanganyifu utakuwepo. Lakini simu inayoweza kuhakiki uso wa mzee inaweza pia kupiga picha ya pili.

Wajibu haulipwi?

Hoja nzito kuliko zote sikuisikia kutoka kwa mtaalamu. Niliisikia kwa mzee mmoja wa Kimandolu, jirani wa afande, tukiwa tumekaa na bakuli la loshoro. Aliuliza, kwa sauti ya chini kama anayeogopa kunikosea, tangu lini mtoto akalipwa kwa kumnawisha baba yake. Alisema siku Serikali itakapolipa, ndipo watoto wasiolipwa watakapoacha.

Sikumbishia, kwa sababu anaongea kutoka mahali pa heshima, na kwa sababu binti mwenyewe anakubaliana naye. Nilipomwambia habari ya malipo alikunja uso. Hataki mshahara kwa baba. Ila nilipomuuliza kuhusu mchango wa uzee wake, alinyamaza muda mrefu akimfukuzia mzee nzi. Kisha akauliza yeye atakapoanguka, nani atakuwa karibu. Hana mtoto.

Nadhani mzee wa loshoro na binti wa afande hawapingani. Wajibu kwa baba ni wa binti, na anautimiza. Wajibu kwa binti ni wa nani?

Swali hilo halimhusu binti wa mstaafu peke yake. Usiku mtaa huu unalindwa na vijana wa ulinzi shirikishi, wenye firimbi, tochi na marungu, wanaolipwa kwa michango ya kaya. Sheria iliwapa walinzi wa aina hiyo, sungusungu, nguvu ya kukamata tangu 1989. Kijana wa lindo akikatwa panga na mwizi, mtaa utachanga tena, safari hii kwa ajili ya hospitali, kisha mama yake ndiye atakayebaki naye. Tumezoea kuuita ulinzi huo usalama wa raia kana kwamba una mwenyewe, na mwenyewe ni mama wa mtu.

Nilirudi Kimandolu jioni moja kabla ya kuandika makala haya. Baridi ilikuwa imerudi, na binti alikuwa ameongeza blanketi la pili. Kaka wa Mwanza alikuwa ametuma elfu hamsini; alinionyesha ujumbe kwenye simu kwa furaha ya kweli, bila chembe ya lawama. Mzee alikunywa uji wa ulezi kijiko kwa kijiko, dakika arobaini, kila kijiko kikingojewa kimezwe ndipo kingine kifuate.

Saa 4 usiku firimbi ya vijana wa lindo ilisikika kutoka upande wa barabara kuu, ikajibiwa na nyingine juu kidogo. Afande alifumbua macho. Mkono wake mzima ulitoka chini ya blanketi, ukagonga ubao wa kitanda mara mbili. Binti aliniambia hufanya hivyo kila usiku; asipogonga, ndipo huwa na wasiwasi.

Akapitisha mkono chini ya mabega, mwingine chini ya nyonga. Mto mgongoni, mto magotini, taulo kwenye kisigino. Akaandika: 4:10, kushoto. Akatega saa ya simu iite saa 6.